Maswali ya wasomaji: Mtaa gani Mbeya ni salama kwa mwanafunzi mgeni?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni binti wa miaka 20, natokea Makambako. Nimechaguliwa kusoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na nitapanga nje ya chuo. Mbeya sina ndugu. Kuna dalali nimempata kwa simu, ana chumba Iyunga, elfu 50 kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo na hela yake ya mwezi mmoja. Anataka nitume kianzio sasa hivi kwa sababu wanafunzi wanakigombania. Binamu yangu aliyewahi kufanya biashara Mbeya anasema Mwanjelwa kuna vibaka, nikae Forest. Baba anasema Uyole, karibu na stendi. Naomba uniambie mtaa ulio salama. (Msomaji, Makambako)

JIBU: Kamwene, na marahaba mwanangu. Hongera kwa kuchaguliwa. Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba nilikuwa matroni wa bweni la wasichana kabla sijastaafu, na sasa nina vyumba vichache vya wapangaji hapa hapa Mbeya. Jambo hili nalijua kwa upande wa mlezi na kwa upande wa mwenye nyumba, na kila Oktoba linanikosesha usingizi nikiwaona watoto wanashuka stendi ya Nanenane na mabegi, hawajui wanalala wapi.

Tumalize kwanza la dalali. Usitume hela. Hata elfu tano ya kukishikilia chumba usitume. Madalali wakweli wapo na wengine nawaheshimu, lakini msimu wa wanafunzi kuripoti, picha ya chumba kimoja inazunguka kwenye simu za watu ambao hata nyumba yenyewe hawaijui. Piga hesabu ya huyo wako: miezi sita kwa elfu 50 ni laki tatu, ongeza elfu 50 yake, inafika laki tatu na nusu kabla hujanunua godoro. Mtu anayezitaka laki tatu na nusu zako akusubiri uje ukione. Akisema kitachukuliwa, mwambie kichukuliwe.

Njoo mapema, siku nne au tano kabla ya kuripoti, na uje na mtu mzima. Kwa kuwa huna ndugu hapa, mwone mchungaji au paroko wako, na kama ni Mwislamu mwone imamu, akuandikie barua ya utambulisho. Nimeona barua hizo zikifungua milango ya familia ambazo mwanafunzi hakuwahi kuzisikia, akalala siku mbili tatu bila kulipa na akapata watu wa kumwelekeza. Ukifika chuoni waulize pia viongozi wa serikali ya wanafunzi. Wao wanajua nyumba ipi wapangaji wake waliibiwa na ni mwenye nyumba yupi hasumbui.

Sasa mtaa. Baba yako na binamu yako hawajakudanganya, ila kila mmoja anaongelea Mbeya aliyoiona yeye. Jiji hili limelala kwa urefu kufuata barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Ukitokea kwenu unaingilia Uyole, unapita stendi ya Nanenane, unakuja Sae, Soweto, Mafiati, Kabwe, halafu ndiyo unaelekea Iyunga, na mbele yake kuna Mbalizi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 ndani ya jiji, na asubuhi utadhani wote wameingia barabara hiyo moja. Chuo chako kiko upande wa Iyunga. Ukikaa Uyole utakuwa unalivuka jiji zima kwenda na kulivuka tena kurudi, na kipindi kikiisha jioni utagombania daladala gizani. Baba amefikiria siku ya kusafiri kurudi nyumbani, jambo jema la mzazi, lakini siku hizo ni chache mno kwa mwaka.

Forest ni pazuri, pametulia, na anayesoma kampasi ya Mzumbe iliyoko huko namshauri apatafute. Kwako pako mbali. Halafu utulivu wa nyumba zenye viwanja vikubwa na fensi ndefu una upande wake wa pili: saa mbili usiku unaweza kutembea mtaa mzima usikutane na mtu, na ukipiga kelele aliyelala nyuma ya ukuta na televisheni yake hasikii. Mwanjelwa, kweli, sokoni simu inachomolewa mfukoni mchana kweupe. Lakini Mwanjelwa hiyo hiyo saa mbili usiku ina taa, ina maduka yaliyo wazi, ina wauza chipsi na bajaji zilizopanga foleni. Kwa hiyo jina la mtaa lisikutishe wala lisikutulize. Mwenzako wa Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji nitamwambia atafute Block T na jirani zake kwa sababu ndipo chuo kilipo. Wewe nakwambia anzia Iyunga na Ikuti, karibu na geti la chuo kadiri mfuko unavyoruhusu.

Ninachotaka ukishike ni mambo mawili. La kwanza ni njia kutoka geti la chuo mpaka mlango wako, saa ile ile utakayoipita. La pili ni mtu atakayejua kwamba leo hujarudi.

Hiyo njia uitembee kabla hujalipa. Itembee jioni jua likizama, itembee saa mbili usiku ukiwa na mwenzako, na itembee alfajiri. Wazazi wengi wanaogopa usiku na kuisahau alfajiri. Mbeya tuko magharibi ya nchi lakini saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, kwa hiyo Juni na Julai jua linachomoza karibu saa moja asubuhi. Mwanafunzi mwenye kipindi cha saa moja anatoka nyumbani giza likiwa totoro, mara nyingine na ukungu juu yake, na vijia vitupu kwa sababu watu wamejikunyata kwa baridi. Muhula wa kwanza hutaliona hilo. Ukifika wa pili, ulipangie na mwenzako: mnatoka pamoja, na anayechelewa anasubiriwa.

Ukitembea, angalia mapagala. Nyumba isiyoezekwa, isiyo na milango, ikiwa pembeni ya njia yako, ndiyo vijana wa bangi wanakokaa. Pagala moja lenye mlinzi au familia iliyohamia chumba kimoja halinisumbui. Mapagala matatu yamefuatana na hakuna taa hapo katikati, hicho chumba kiache hata wakikupunguzia kodi. Angalia na mashamba. Wageni hili hawalijui: utakuja Oktoba au Novemba, ardhi imekauka, unaona mpaka ng'ambo, njia nyeupe. Mvua zikianza watu wanapanda mahindi kwenye kila kiwanja ambacho hakijajengwa, na ikifika Februari yamekupita kichwa pande zote mbili. Mwulize mama wa duka la jirani: "Hapa katikati masika panalimwa?" Jibu lake lina thamani kuliko maneno yote ya dalali. Na njia ya mkato, iwe ya kufuata reli ya TAZARA au ya kushuka korongoni kwenye kijito, iache kwa mchana ukiwa na wenzako.

Tuingie chumbani. Mwaka jana nilimsindikiza binti wa jirani yangu wa zamani kutafuta chumba, na cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa kizuri wa macho: rangi mpya, vigae, soketi mbili. Nikamwomba mwenye nyumba ngazi. Akashangaa. Nikamwambia nataka kuona juu ya silingibodi. Kijana wake akapanda, akasukuma ubao mmoja, akamulika kwa simu. Ukuta wa kati ulikuwa umeishia kwenye silingi. Juu yake vyumba vyote sita vilikuwa uwazi mmoja chini ya bati. Maana yake mpangaji wa chumba cha tano, au mgeni wake, anaweza kupanda kwake na kushukia kwako, na kitasa chako cha mlangoni kikabaki kizima. Tuliaga kwa heshima tukaondoka. Nyumba ya tatu ukuta ulikuwa umefika kwenye bati, na hapo ndipo anapokaa mpaka leo.

Na wewe fanya hivyo hivyo, wala usione aibu. Kisha nenda dirishani. Nondo zisiachane kiasi cha mkono kupita hadi kwenye kiwiko, na kuwe na wavu mgumu. Wezi wa madirisha wanatumia fimbo ndefu yenye ndoano: wanavuta neti ya mbu taratibu, wanavuta begi, wanavuta kompyuta iliyo kwenye chaji, nawe umelala. Kitanda na meza vikae mbali na dirisha. Mlangoni angalia bawaba. Zikiwa upande wa nje, mtu mwenye bisibisi anautoa mlango mzima. Kitasa nunua kipya siku unayohamia, mbele ya mwenye nyumba, maana hujui mpangaji aliyetangulia alichonga funguo ngapi. Choo kikiwa uani, tembea kutoka mlangoni mpaka chooni ukihesabu taa. Kama hakuna hata moja, mwenye nyumba aweke kabla hujalipa. Akishalipwa ataiweka Krismasi.

Wapangaji wenzako ndio ulinzi wako wa kwanza. Mimi napenda nyumba yenye mchanganyiko: mwenye nyumba anaishi hapo hapo au kuna familia yenye watoto, na wanafunzi wawili watatu. Nyumba ya wanafunzi watupu inakuwa tupu kabisa likizo zikifika, na wezi wa mtaani wanaijua kalenda ya chuo kuliko wewe. Jitambulishe siku ya kwanza. Mpe mama mmoja wa hapo namba ya simu ya baba, na uchukue ya kwake umpe baba. Ukichelewa, mjulishe. Najua mkishafika chuo mnataka uhuru, na haki yenu. Lakini binti asiye na mtu hata mmoja wa kumwambia "leo nitachelewa kurudi" ananitia hofu kuliko anayekaa mtaa wenye sifa mbaya.

Ndani ya wiki ya kwanza nenda na mwenye nyumba kwa balozi, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, ukaandikishwe kwenye daftari la wakazi. Wengi wanaona ni usumbufu. Siku ukiibiwa, au siku polisi wanakagua usiku, au siku unahitaji barua ya utambulisho, ndipo utajua faida yake. Ukiwa hapo mwulize mwenyekiti maswali mawili: kuna ulinzi shirikishi unaozunguka usiku, na namba ya Polisi Kata ni ipi? Iandike. Ya dharura nchi nzima ni 112, na ya zimamoto 114.

Kuhusu hela. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, nayo inakuja kwa mafungu, siyo kila mwezi. Bumu, yaani hiyo posho, likiingia chuo kizima kinajulikana: foleni kwa mawakala, simu mpya, nyama choma. Na wanaowinda wanajua. Wiki hiyo toa kidogo kidogo, mchana, kwa wakala wa ndani ya chuo au aliye karibu na geti, na usipite njia ya peke yako ukiwa na fedha ya kodi mkononi. Kodi ilipe kwa simu au benki, jina la mpokeaji lilingane na jina lililo kwenye mkataba. Mkataba uwe wa maandishi, wenye sahihi ya shahidi, na useme umeme wa LUKU mnagawanaje. Mwombe mwenye nyumba miezi mitatu badala ya sita. Wengine watakataa, ila wapo wanaokubali, na miezi mitatu inakupa nafasi ya kuhama ukigundua pabaya. Msichana aliyelipa miezi sita anavumilia mambo ambayo hakupaswa kuyavumilia hata wiki.

Kuna mawili ambayo hayahusu wezi. Mvua za hapa ni nzito, na miteremko inashuka. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere liliporomoka kule Itezi likafunika nyumba na shule. Ukionyeshwa chumba chini ya mlima uliolimwa mpaka kileleni, au ukingoni mwa korongo, kataa. La pili ni jiko la mkaa. Wewe ni wa Makambako, baridi unaijua, lakini kwenu jiko linakaa jikoni. Chumba cha kupanga kimoja ndicho jiko na ndicho kitanda, na Juni hadi Agosti mtu anashawishika kuliingiza jiko ndani apate joto, afunge dirisha, alale. Hewa yake ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na wanaolala nayo hawaamki. Nakuomba kama mama yako: jiko liwake nje na lizimwe huko huko nje. Nunua blanketi zito sokoni, vaa soksi.

SWALI: Mama, kijana wangu yuko mwaka wa pili hapo Mbeya. Anataka kuhama hosteli akaishi geto na wenzake wanne, wanasema watapunguza gharama. Nimkatalie? (Baba, Makete)

JIBU: Usimkatalie kwa simu, baba. Panda gari uje, ukae nao jioni moja. Uliza mkataba uko kwa jina la nani, maana huyo ndiye atakayedaiwa wengine wakiondoka. Uliza funguo ziko ngapi. Geto la watu watano lenye kufuli moja na ufunguo uliofichwa juu ya mlango linajulikana na marafiki wa marafiki, na kompyuta ikipotea hakuna wa kumuuliza. Kama kila mmoja ana ufunguo wake, na wageni wa kulala wamekubaliana kuwakataa, wape muhula mmoja. Kama jibu ni kicheko, arudi hosteli.

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma Iringa, nimepanga Mtwivila. Mwenye nyumba wangu ni mzee wa makamo, ana ufunguo wa akiba wa chumba changu. Mara mbili nimekuta vitu vimesogezwa, na wiki iliyopita alibisha hodi saa nne usiku akasema anakagua umeme. Naogopa kumsema, nimelipa mpaka Machi. (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kodi uliyolipa imekupa chumba, na hakuna ukaguzi wa umeme wa saa nne usiku. Leo hii mwite fundi abadilishe kitasa, weka na komeo la ndani, na umtumie mwenye nyumba ujumbe wa heshima: "Mzee, nimebadilisha kitasa kwa usalama wangu, ukihitaji kukagua chochote naomba unijulishe, nitakuwepo mchana." Ujumbe huo usiufute. Waambie wapangaji wenzako, hasa wa kike, uwaulize kama na wao wamekuta hivyo. Usiku huu na kesho lala kwa rafiki au mlete akalale kwako.

Akibisha tena usiku, usifungue. Piga 112, na asubuhi nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Wanasikiliza faraghani, na unaweza kuomba kuhudumiwa na askari wa kike. Mwone pia mlezi wa wanafunzi chuoni kwako, wewe si wa kwanza kumpelekea habari kama hizi. Na hela ya mpaka Machi isikufunge hapo. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwaita nyote wawili mkae mezani, na huenda sehemu ya kodi ikarudishwa. Hata isiporudi, hama. Niandikie nijue umefikia wapi.